Katuni za Kompyuta: Watengenezaji Wake Walitoka Kazi Gani?

Leo tunaanza na mazungumzo mafupi. Tumeyatunga wenyewe, lakini mambo yaliyomo yanawapata vijana wengi, na huenda hata wewe umeshakutana nayo.

Binti mmoja wa Nkwenda, wilaya ya Kyerwa, amemaliza kidato cha nne. Anapenda sana kuchora. Shangazi yake ni muuguzi katika zahanati. Wako uani wanageuza kahawa iliyoanikwa kwenye mkeka.

BINTI: Shangazi, nimepata kazi Dar!

SHANGAZI: Kazi gani tena mwanangu?

BINTI: Kuna kaka nimefahamiana naye kwenye simu. Ana studio ya katuni za kompyuta. Ameona michoro yangu, anasema ni bomba. Nitume laki tatu za mafunzo, halafu niende nianze.

SHANGAZI: Laki tatu! Za wapi?

BINTI: Si baba akishalipwa hela ya kahawa na chama cha msingi. Nikipata mshahara nitazirudisha.

SHANGAZI: Na utafikia wapi huko?

BINTI: Kwake. Anasema wanafunzi wote wanakaa pale pale.

SHANGAZI: Hm. Umeona katuni hata moja waliyoitengeneza?

BINTI: (Kimya.)

SHANGAZI: Haya, nieleze jingine. Watu wanaofanya kazi hiyo huwa wamesomea nini? Kabla ya hapo walikuwa wanafanya nini?

BINTI: Hata sijui, shangazi. Nadhani ni kujua kompyuta tu.

SHANGAZI: Basi kabla hela ya kahawa haijatoka mfukoni mwa kaka yangu, hilo tulijue kwanza.

Shangazi ameuliza swali zuri kuliko anavyodhani. Mtu asiyejua kazi inafanywaje na nani huifanya, ni rahisi kupigwa changa la macho. Na mtu anayejua huweza kugundua kwamba tayari ana sehemu ya ujuzi unaotakiwa, hata kama hajawahi kushika kompyuta. Basi tumsaidie binti huyu kupata jibu.

1. KATUNI INATEMBEAJE?

Katuni inayotembea ni picha nyingi zisizotembea, zikionyeshwa haraka moja baada ya nyingine. Jicho na ubongo huziunganisha, nawe unaona mtu anakimbia. Kazi hii kwa Kiswahili huitwa uhuishaji, kutoka neno kuhuisha, yaani kutia uhai.

Katika sinema, sekunde 1 kwa kawaida ina picha 24. Tufanye hesabu. Dakika 1 ina sekunde 60, kwa hiyo inahitaji picha 1,440. Katuni ya dakika 5 inahitaji picha 7,200! Wachoraji wengi hupunguza mzigo kwa kuonyesha kila mchoro mara mbili, hivyo sekunde 1 ikatumia michoro 12. Hata hivyo, dakika 5 bado ni michoro 3,600. Si mchezo.

Hapo ndipo kompyuta inaposaidia. Mchoraji hutengeneza mikao mikuu: mfano, jembe likiwa juu kabisa, na jembe likiwa limegonga ardhi. Kompyuta huweza kukokotoa picha za katikati. Lakini kompyuta haijui jembe ni zito. Haijui kwamba mkulima hulinyanyua taratibu na kulishusha kwa nguvu. Ukiiachia peke yake, jembe litapanda na kushuka kwa mwendo mmoja kama mkono wa saa, na mtazamaji atacheka. Anayejua mwendo wa jembe ni mtu aliyelima, au aliyekaa akamwangalia kwa makini anayelima.

Mtu aliyebeba mkungu wa ndizi kichwani naye hatembei kama asiyebeba kitu. Shingo hutulia, mabega hukaza, hatua huwa fupi. Kijana wa Karagwe ameliona jambo hilo tangu utotoni bila kujua kwamba ni somo. Kwa mtengeneza katuni, huo ni ujuzi.

2. NDANI YA KATUNI MOJA KUNA KAZI NGAPI?

Vijana wengi wanafikiri katuni hutengenezwa na mtu mmoja aliyejifungia chumbani na kompyuta yake. Wapo wanaofanya hivyo kwa katuni fupi. Lakini kipindi kamili ni kazi ya kikundi. Tuangalie waliomo:

Mwandishi wa hadithi. Huyu hutunga kisa na maneno ya wahusika. Chombo chake ni kalamu.

Mtaalamu wa jambo lenyewe. Kama katuni inafundisha hesabu, ni mwalimu. Kama inafundisha afya, ni muuguzi au daktari.

Mchoraji wa wahusika. Hubuni sura, nguo na mikao yao.

Mchoraji wa mtiririko. Huchora hadithi nzima kwa picha ndogo ndogo kwenye karatasi, ili wote waione kabla hela haijatumika.

Watoa sauti. Mara nyingi sauti hurekodiwa kwanza, ndipo midomo ya wahusika ikachorwa kuifuata.

Wahuishaji. Hawa ndio wanaotia mwendo, na ndio wanaokaa kwenye kompyuta saa nyingi kuliko wote.

Watu wa muziki na milio. Mlango ukifungwa, mvua ikinyesha, kuna mtu ameutafuta mlio huo.

Mhariri. Huunganisha vipande vyote vikawa kitu kimoja.

Watu wa programu na mitambo. Huhakikisha kompyuta zinafanya kazi na mafaili hayapotei.

Mhasibu na meneja. Bila wao mishahara hailipwi na kazi haiishi kwa wakati.

Hesabu mwenyewe. Katika kazi hizo, ni ngapi zinamtaka mtu awe fundi wa kompyuta kwanza? Mbili au tatu tu. Nyingine zote mtu hutoka na ujuzi wake kwingine, kisha akajifunza kompyuta kama alivyojifunza kalamu.

3. WALIOFANIKIWA WALITOKA WAPI?

Tusiseme kwa maneno matupu. Tuangalie watu wanaojulikana.

Gado. Jina lake kamili ni Godfrey Mwampembwa. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969. Alianza kupeleka katuni zake magazetini akiwa bado kijana mdogo. Alijiunga na Chuo cha Ardhi, Dar es Salaam, kusomea usanifu wa majengo. Mwaka 1992 akaenda Nairobi kuwa mchora katuni wa magazeti ya Nation. Baadaye alikwenda Vancouver, Canada, kusomea uhuishaji na filamu. Mwaka 2009 kipindi alichokianzisha cha vikaragosi, XYZ Show, kilianza kuonyeshwa katika televisheni ya Kenya. Ona mpangilio wake: kwanza alichora, tena kwa miaka mingi. Kamera na studio vilikuja baadaye.

Masoud Kipanya. Watanzania wanamjua kwa katuni za magazetini na kwa sauti yake redioni. Mwaka 2022 alionyesha hadharani gari linalotumia umeme alilolitengeneza na wenzake. Mtu mmoja, ujuzi wa namna tatu. Anayechora vizuri amezoea kukiona kitu kichwani kabla hakijakuwepo, na uwezo huo una kazi nyingi.

Kikundi cha Ubongo. Januari 2014, kituo cha TBC1 kilianza kuonyesha Ubongo Kids, katuni ya Kiswahili inayofundisha watoto hesabu na sayansi kwa hadithi na nyimbo. Ilitengenezwa Dar es Salaam. Waanzilishi walikuwa 5: Nisha Ligon, Rajab Semtawa, Cleng'a Ng'atigwa, Tom Ng'atigwa na Arnold Minde. Nisha Ligon alisomea biolojia, kisha utengenezaji wa vipindi vya sayansi. Baadaye alijiunga nao Doreen Kessy, mtu wa biashara, ambaye pamoja na kazi ya uongozi alitoa pia sauti za wahusika. Mwanabiolojia na mtu wa biashara ndani ya katuni! Ndiyo. Bila mtu wa sayansi somo lingekosewa. Bila mtu wa biashara kipindi kisingedumu.

Edward Saidi Tingatinga. Huyu hakuwahi kuiona kompyuta. Alizaliwa mwaka 1932 katika eneo la Tunduru, kusini mwa Tanzania. Alifanya vibarua katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha kazi za nyumbani Dar es Salaam. Alianza kuchora wanyama kwa rangi za kung'arisha, zile za kupaka baiskeli, juu ya mbao nyembamba. Alifariki mwaka 1972. Lakini mtindo wake uliendelea kuishi kwa wanafunzi wake, na mwaka 2010 televisheni ya watoto ya BBC, Uingereza, ilianza kuonyesha Tinga Tinga Tales, katuni za kompyuta zilizochorwa kwa mtindo huo. Studio yake ilikuwa Nairobi, na mwanamuziki wa Kenya Eric Wainaina alitunga muziki. Mkono wa kibarua wa mkonge ulifika kwenye kompyuta miaka 38 baada ya mwenyewe kufariki.

Ng'endo Mukii wa Kenya. Alisomea sanaa Marekani, kisha uhuishaji London. Filamu yake fupi ya mwaka 2012, Yellow Fever, inahusu wanawake wanaojichubua ngozi kutafuta weupe. Dada zetu wanaojua habari za mkorogo wataona mara moja kwamba hilo ni jambo la afya. Ng'endo hakulitoa mbali. Alilitoa kwenye saluni na kwenye familia.

Raymond Malinga wa Uganda, jirani zetu wa ng'ambo ya mto pale Murongo. Filamu yake fupi ya mwaka 2017, A Kalabanda Ate My Homework, inatokana na kalabanda, zimwi ambalo wanafunzi wa bweni Uganda hutishana nalo usiku. Mwaka 2023 yeye na Ng'endo Mukii walikuwa miongoni mwa waongozaji wa Kizazi Moto, mkusanyo wa katuni fupi za Kiafrika uliotolewa na Disney. Hadithi za bwenini zilifika huko!

Na Marekani je? Toy Story ya mwaka 1995 ndiyo filamu ndefu ya kwanza duniani iliyohuishwa yote kwa kompyuta. Mmoja wa waanzilishi wa kampuni iliyoitengeneza, Ed Catmull, alitamani tangu utotoni kuwa mchora katuni. Akajiona hana mkono wa kuchora kiasi cha kutosha, akasomea fizikia na kompyuta katika Chuo Kikuu cha Utah. Aliingia katika katuni kwa mlango wa hesabu. Kwa hiyo wewe unayesema "mimi sijui kuchora", usikate tamaa mapema.

KUMBUKA: Mwanafunzi wa usanifu majengo, mtangazaji, mwanabiolojia, mtu wa biashara, kibarua wa mkonge, mwanafunzi wa bweni, mtu wa fizikia. Kazi uliyoifanya kabla ya kompyuta haipotei bure. Hiyo ndiyo mtaji unaoingia nao.

4. KWA NINI KATUNI INAMHITAJI MUUGUZI?

Hapa Kagera tuna sababu ya pekee ya kuuliza. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania, watu 3, walitambuliwa katika mkoa wetu. Wazazi wetu wanakumbuka misiba ya miaka iliyofuata. Wakati huo mafunzo yalikuja kwa nyimbo, ngonjera na mabango.

Mabango mengi ya enzi hizo, hapa Afrika na kwingineko, yalionyesha mtu aliyekonda akabaki mifupa, au fuvu, au jeneza. Wachoraji walikuwa na nia njema. Walitaka watu waogope. Lakini picha ile ilifundisha na jambo jingine: kwamba mwenye virusi unaweza kumjua kwa macho. Kijana akamwona mwenzake amenawiri, mashavu yamejaa, akasema, "Huyu mzima." Kumbe mtu mwenye virusi vya UKIMWI anaweza kukaa miaka mingi bila dalili yoyote. Njia ya kujua ni kupima tu.

Picha ile ilileta pia unyanyapaa. Leo mtu anayetumia dawa za ARV vizuri kila siku huishi maisha marefu, hulima, husoma na huzaa. Virusi vyake vikishuka mpaka visionekane kwenye kipimo, na vikabaki hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Lakini ni wangapi bado wana lile fuvu kichwani? Picha ikishaingia, kuitoa ni kazi.

Chukua mfano wa karibu zaidi. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Kagera, katika wilaya ya Bukoba. Watu 6 walifariki kabla mlipuko haujatangazwa kuisha mwezi Juni. Januari 2025 ulitangazwa tena mkoani kwetu, safari hii Biharamulo. Marburg huambukizwa kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa au ya aliyekufa kwa ugonjwa huo, na pia vitu vilivyochafuliwa nayo. Sasa fikiria mchoraji asiye na mtu wa afya pembeni. Anachora vidudu vinaruka hewani kama mbu, kwa sababu vinapendeza kuhuisha. Watazamaji wataogopa kupita mbele ya nyumba ya jirani, lakini wataendelea kuosha maiti kwa mikono mitupu. Katuni imependeza, watu wamekufa.

Ndiyo maana muuguzi anatakiwa mezani tangu mwanzo, hati ikiandikwa. Na si muuguzi peke yake. Anatakiwa pia mtu anayejua maisha ya watakaotazama. Ukimchora mama wa Kyerwa anapika kwenye jiko la gesi, ana friji na bomba la maji jikoni, mama wa kijijini anayepika kwenye mafiga ataona hayo ni mambo ya watu wengine. Mchore na mafiga yake, dumu lake la maji na migomba nyuma ya nyumba. Mpe maneno anayoyasema kweli, kwa Kiswahili cha hapa, na Kinyambo pale kinapofaa. Hapo atasema, "Huyu ni mimi." Ujuzi huo haupatikani kwenye programu yoyote. Anao yule aliyekulia hapa.

Hata hapa nyumbani tunao mfano wa vyombo vya habari vilivyoanzia kwenye kazi nyingine. Redio ya jamii ya FADECO, pale Kayanga, ilizaliwa kutoka shirika la maendeleo lililokuwa likifanya kazi na wakulima. Watu walianza na shida za shamba. Mitambo ikafuata.

5. TAHADHARI: CHANGA LA MACHO

Turudi kwa yule kaka wa kwenye simu. Hatusemi kila anayekuita mjini ni tapeli. Tunasema uliza. Maswali ni haya:

Naomba kuona kazi mliyotengeneza. Studio ya kweli ina kazi za kuonyesha na hujivunia kuzionyesha.

Kampuni imesajiliwa wapi? Kampuni husajiliwa BRELA. Chuo cha ufundi husajiliwa na NACTVET. Unaweza kuuliza huko.

Kwa nini nilipe ili nipewe kazi? Chuo hutoza ada na kukupa risiti. Mwajiri hulipa mshahara, hatozi.

Kwa nini nilale kwako? Swali hili lina jibu moja: usiende.

Wapo wanaotumia ahadi ya kazi kudai ngono. Huo si urafiki wala bahati. Ni kosa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inahesabu kudai ngono ili kumpa mtu ajira au upendeleo kuwa rushwa, na inamhusu mkubwa yeyote mwenye mamlaka kazini. Toa taarifa TAKUKURU kwa simu namba 113, bila malipo, au nenda kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Aliye chini ya miaka 18 anaweza kupiga 116, nayo ni bure.

Kama mtu amelazimishwa ngono, afike kituo cha afya haraka, kabla ya saa 72 kupita. Zipo dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI, na zikianzwa mapema hufanya kazi vizuri zaidi. Asione haya. Kosa si lake. Wavulana nao wanatendewa hivyo, na msaada ni wao pia.

6. LINDA MWILI WAKO

Kazi ya kompyuta ina magonjwa yake. Mhuishaji hukaa saa nyingi, macho mbele, mkono kwenye kipanya. Wanaochora kwenye simu wanaumia zaidi, maana kioo ni kidogo na shingo imeinama.

Macho: kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho mbali, mita 6 au zaidi, kwa sekunde 20. Pepesa macho mara nyingi yasikauke. Usichore gizani ukitegemea mwanga wa simu tu.

Mgongo na shingo: kaa umeegemea, nyayo zote mbili zikanyage chini. Kioo kiwe sawasawa na macho au chini kidogo. Kama meza ni fupi, panga vitabu chini ya kompyuta.

Mkono: ukihisi ganzi au maumivu ya kifundo, pumzika na unyooshe vidole. Ganzi isiyoisha ipeleke kituo cha afya, usiizoee.

Usingizi: kijana anahitaji saa 8 hivi. Kazi ya usiku kucha huleta makosa ambayo utayarekebisha kesho yake mchana kutwa.

Na usisahau kutembea. Mtu aliyekulia kwenye vilima vya Karagwe akianza kukaa kutwa nzima, mwili humlalamikia.

7. ANZA HAPO ULIPO

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Huna kompyuta? Bado unaweza kuinama leo.

Kwanza, chukua daftari la zamani. Kwenye kona ya chini ya kila ukurasa chora mpira: juu, chini kidogo, chini zaidi, umegonga, unapanda. Tumia kurasa 24. Kisha zipeperushe kwa kidole gumba. Mpira utadunda! Umetengeneza uhuishaji wako wa kwanza bila umeme.

Pili, chora mtu mmoja wa kweli kila siku: fundi baiskeli wa Omurushaka, mama anayemenya ndizi, mzee anayepanda kilima. Angalia mwendo kabla ya sura.

Tatu, kusanya hadithi. Waulize bibi na babu visa vya Kinyambo, na habari za watawala wa Karagwe kama Rumanyika. Ziandike, kwani hadithi njema ni mali kama kahawa ghalani.

Nne, usitupe masomo. Biolojia, hesabu, Kiswahili, hata mapishi, vyote vina nafasi ndani ya katuni.

Tano, undeni kikundi. Mmoja anachora, mmoja anaandika, mmoja ana sauti, mmoja anajua hesabu za hela. Mkipata kompyuta moja shuleni au kwa jirani, mjifunze kwa zamu. Programu ya Blender haiuzwi, hutolewa bure. Filamu ya Flow kutoka Latvia ilitengenezwa kwa programu hiyo, na mwaka 2025 ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni. Hivyo anayekutoza hela kubwa akuuzie programu hiyo anakuibia.

Sita, ukitaka chuo, uliza vyuo vinavyojulikana: Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, ambayo ilianza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, au masomo ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Uliza pia vyuo vya VETA kuhusu kozi za kompyuta zilizo karibu nawe.

TURUDI UANI

Jioni kahawa imekusanywa. Binti ameandika maswali manne kwenye simu na kumtumia yule kaka.

SHANGAZI: Amejibu?

BINTI: Amekasirika, shangazi. Anasema maswali mengi ni ya watu wasio na shida ya kazi. Halafu akanifungia, simpati tena.

SHANGAZI: Amekujibu basi. Umeumia?

BINTI: Nimeumia. Nilishawaambia na rafiki zangu.

SHANGAZI: Pole mwanangu. Kupenda kuchora hakukuwa kosa. Sikiliza, pale zahanati kuna akina mama wanakuja kliniki wasiojua kusoma. Namna ya kumchanganyia mtoto maji ya chumvi na sukari ya pakiti akiharisha, naeleza mpaka sauti inakauka. Ungeweza kunichorea?

BINTI: Picha ngapi?

SHANGAZI: Wewe ndiye fundi, nieleze wewe.

BINTI: Kunawa mikono, kuchemsha maji na kuyaacha yapoe, kupima lita moja, kumimina pakiti yote, kukoroga, kumnywesha kwa kijiko... Sita. Lakini shangazi, utazikagua kabla sijatia rangi? Nisije nikakosea kipimo.

SHANGAZI: Nitakagua moja baada ya nyingine.

Msomaji, hapo kuna mchoraji na kuna mtaalamu wa afya. Kompyuta itawakuta wameshaanza kazi.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Taja kazi tano zinazotakiwa katika katuni moja. Katika kikundi chenu, nani anafaa kazi ipi, na kwa nini?

2. Katuni ya dakika 2 ikitumia michoro 12 kwa sekunde, itahitaji michoro mingapi? (Jibu: 1,440.)

3. Bango la fuvu liliwafundisha watu nini kisicho kweli kuhusu UKIMWI? Ninyi mngechora nini badala yake?

4. Rafiki yako ameitwa mjini kwa kazi ya kompyuta na ameambiwa atume hela kwanza. Igizeni mazungumzo mtakayofanya naye bila kumdharau.

5. Kila mmoja aandike kazi tatu anazozifanya nyumbani. Kisha wenzake wamweleze kila kazi imemfundisha kitu gani ambacho mtengeneza katuni angekihitaji.